Muhogo usiuamini mpaka uukate

Watu wakisikia niko kwenye utafiti wa mazao wanafikiria maabara na koti jeupe, kumbe wiki nzima hii nimeshinda shambani na kisu. Tunavuna jaribio la muhogo, limefika miezi 12, na kila mzizi unaotoka kwenye ploti lazima ukatwe, hakuna kuruka hata mmoja.

Sababu ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, unaiona kwa macho, jani linajikunja, mmea unadumaa, hata mtoto atakwambia huu unaumwa. Michirizi sio hivyo, dalili zinakaa kwenye majani ya chini yaliyokomaa, yanaingia manjano kando ya vishipa, na kiangazi yakishapukutika unabaki na mti umesimama vizuri tu, mkulima anasubiri mwaka mzima, anachimba, anakata, ndani kuna mabaka ya kahawia makavu kama kizibo. Inauma sana.

Kwa hiyo tunakata mzizi vipande vipande halafu tunaupa alama, 1 ni safi, 2 uozo haufiki asilimia 5, mpaka 5 ambapo umezidi robo. Kazi iko kwenye 2 na 3. Saa nane mchana, jua kali, mikono inanata utomvu, ukiandika 2 kwa uchovu wakati ni 3 basi umeipitisha mbegu mbovu iende kwa watu. Ndo maana huwa tunasoma wawili, kila mtu anataja alama yake, tukitofautiana tunakata tena. Na ploti ikiwa imeibiwa mihogo usiku (inatokea) tunaacha wazi, hatukisii.

Juzi mama mmoja wa shamba la jirani akaja, "Mwanangu, mbona mnaharibu chakula?" Nikamkatia muhogo wa aina ya Albert, ile tunayoipanda makusudi kwa sababu inaugua haraka, halafu nikamkatia aina nyingine, Namikonga. Albert kahawia tupu, Namikonga nyeupe pee. Nikamwambia ugonjwa huu uliandikwa tangu 1936, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga enzi hizo walikuwa wanachanganya muhogo na mti wa mpira wa porini kutafuta ukinzani, na Namikonga ina undugu na kazi ile. Akashika vile vipande muda mrefu.

Akaniuliza yeye afanyeje na shamba lake. Nikamwambia mama, inzi weupe wanaeneza lakini hawaufikishi mbali, kinachousafirisha ni pingili tunazogawiana wenyewe, kwa hiyo usisubiri siku ya kupanda ndo uchague mbegu, pita shambani mihogo ikiwa na miezi mitatu, pita tena kwenye sita majani yakiwa bado yapo, wenye manjano ya chini ufunge kitambaa, hiyo usichukue pingili hata shina likikuvutia vipi.

Jana nikapita kwake, ana kipande cha muhogo wa miezi mitano hivi. Nimehesabu vitambaa vya kanga 17, na alikuwa bado hajamaliza mstari wa tatu.