Kutoa Shafti Moja Kwenye Asembli Bila Kuivuruga Mashine Nzima

Fundi wa lethi (mashine ya kuchonga vyuma) pale Kibuye hana haja ya kuona mashine yangu yote ya kukatia ng'ombe majani ya nepia. Anataka shafti tu, kile chuma cha duara kinachozunguka: kipenyo, urefu, na mahali pa kuchimba mfereji wa kii, kipande kinachoishika puli kwenye shafti. Vijana wanaojifunza kuchora hapa Kisumu hukwama papo hapo. Asembli, yaani mchoro wa mashine nzima, imefunguka yote, sasa kipande kimoja kitasevuliwa vipi? Mimi huwauliza: unakisevu ili kikafanye nini? Nitaeleza kwa SolidWorks, programu ya kuchorea mashine kwenye kompyuta.

Asembli haibebi vipande. Faili la SLDASM limejaa anwani za mafaili mengine, pamoja na maelezo ya jinsi vipande vinavyoshikana. Ndiyo maana ukimrushia mtu asembli peke yake kwa WhatsApp, akiifungua analetewa malalamiko kwamba vipande havipatikani. Kwa hiyo shafti yako huenda tayari ina faili lake kwenye folda. Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia, chagua “Open Part”, umemaliza. Ila jina likiwa ndani ya mabano ya mraba, hicho ni kipande kilichozaliwa ndani ya asembli na faili la kwake hakina. Amri ya “Save Part (in External File)” ndiyo inayokitoa nje.

Penye balaa ni “Save As”. Tuseme mteja wa Kakamega anataka mashine pana zaidi. Unaifungua shafti, unaipa jina jipya, na asembli ya mteja wa kwanza bado iko wazi. Programu inakupa njia tatu. Ukichagua “Save As” yenyewe, asembli iliyo wazi inaiacha shafti ya zamani na kuishika mpya. Ukiisevu hiyo asembli, mashine ya mteja wa kwanza tayari ina shafti isiyo yake. “Save as copy and continue” inatoa nakala na kukuacha kwenye faili ulilokuwa nalo. “Save as copy and open” inakufungulia nakala, na asembli haiguswi. Kidirisha hicho watu hukipita mbio wakibonyeza OK. Kisome, tafadhali.

Na kama unataka kubadilisha kisu kimoja tu kati ya viwili vinavyofanana kwenye gurudumu, “Make Independent” inakitengenezea faili lake, mwenzake anabaki alivyo.

Halafu kuna kimshale “->” baada ya jina. Maana yake kipande kilichorwa kwa kufuata kingine. Shafti, kwa mfano, imepata urefu wake kutoka upana wa fremu. Nakala yake itaendelea kuitegemea fremu ile ile ya zamani. Fungua orodha ya “External References” kwenye nakala, ukate. Lakini kukata peke yake hakutoshi, kwa sababu alama za uhusiano hubaki kwenye mchoro zikiwa zimekufa. Mimi huzifuta na kuweka vipimo vya namba, hata kama kazi ni ya haraka.

Mwenye programu tofauti mtumie STEP, aina ya faili ambalo programu nyingi za kuchora hulisoma. Faili la SolidWorks la toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, ingawa tangu 2024 inawezekana kusevu kwa matoleo mawili ya nyuma. STEP itoe ukiwa ndani ya shafti yenyewe, si ndani ya asembli, ili sifuri, yaani mahali vipimo vinapoanzia, iwe ya shafti na isiwe ya fremu. Kwenye FreeCAD, programu ya kuchora isiyolipiwa, ni rahisi zaidi: chagua kipande kwenye mti (orodha ya vipande), nenda “Export”, na kilichochaguliwa ndicho kinachotoka.

Fundi wa lethi, hata hivyo, mpe karatasi. STEP ya kawaida itamwambia kipenyo ni 30 mm, lakini haitamwambia shafti ibane kiasi gani. Kwa beringi ya UCP206, ambayo hukazwa kwa skrubu, mimi huandika 30 h7 kwenye mchoro (h7 ni alama ya kiasi ambacho kipenyo kinaruhusiwa kupungua), na chini yake kwa maneno: isizidi 30.000, isipungue 29.979. Akiwa na mikromita, hiyo inamtosha kuanza kukata.