Mzazi, Taarifa za Mwanao Hupitia Wapi?

Kila ripoti za muhula zinapotoka, Idara ya Elimu Sekondari katika halmashauri yetu hupokea malalamiko ya aina mbili yanayopingana. Wapo wazazi wanaosema shule haiwaambii lolote: mtoto ameanza utoro mwezi wa pili, wao wanakuja kujua mwezi wa sita. Na wapo wanaosema shule imesema kupita kiasi: alama za mtoto, pamoja na jina lake kamili, zimerushwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na majirani wakaziona kabla ya baba mwenye nyumba. Malalamiko yote mawili yana msingi. Ila mengi tunayoyapokea yangekwisha pale pale shuleni kama mzazi angejua taarifa hupitia wapi na nani ana jukumu la kuitoa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kundi la WhatsApp si ofisi ya shule

Tuanze na hili kwa sababu ndilo linaloleta ugomvi mwingi. Kundi la wazazi linafaa kwa matangazo ya wote: tarehe ya kufunga na kufungua, siku ya kikao, mabadiliko ya ratiba ya mitihani, shule kukosa maji. Jambo la mtoto mmoja haliingii humo, liwe zuri au baya. Alama zake, ugonjwa wake, adhabu aliyopewa, mchango ambao mzazi wake hajakamilisha, yote hayo ni kati ya shule na nyumba husika.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika fungu la taarifa nyeti. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu akazitoa kinyume na lengo lililomfanya azikusanye, na bila sababu ya msingi, anatenda kosa. Akiwa ni mtu binafsi na akapatikana na hatia, faini yake haipungui shilingi 100,000 wala haizidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili kwa pamoja. Ikiwa ni kampuni au shirika, faini ni kati ya shilingi milioni 1 na bilioni 5. Tunayataja haya kwa sababu shule za serikali na za binafsi hukusanya taarifa za mamia ya wanafunzi, na wakuu wa shule wamekumbushwa.

Hapa huwa tunaulizwa: mbona Baraza la Mitihani hutangaza matokeo kwenye tovuti dunia nzima ikaona? Ndiyo, lakini fungueni vizuri ukurasa wa matokeo ya Kidato cha Nne. Mtaona namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, divisheni na alama za masomo. Jina halimo. Orodha inayorushwa kwenye makundi yetu huwa na jina la kwanza, la baba na la ukoo, na wakati mwingine maneno ya "hawa ndio wanaotuangusha." Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na wazazi nao wanahusika. Mzazi anapiga picha orodha nzima ya darasa iliyobandikwa ukutani, anamzungushia mwanawe duara jekundu kwa furaha, kisha anairusha. Watoto wengine 50 waliomo kwenye picha hiyo si wake.

Namba ya simu

Shule ikitaka kukupata hutumia namba uliyoandika kwenye fomu ya kujiunga Kidato cha Kwanza. Wengi wenu mmebadilisha laini mara kadhaa tangu siku ile na hamkurudi kusema. Mwalimu wa darasa anapiga, namba haipatikani, anaandika kwenye kumbukumbu kuwa mzazi hakupatikana, na baadaye mzazi huyo anakuja kwetu kulalamika kwamba hakupigiwa.

Lipo pia tatizo ambalo wazazi hawalijui kwa sababu hufanyika nyuma yao. Wanafunzi hujaza wenyewe namba ya "mzazi". Mwalimu akipiga hupokelewa na "mjomba" mwenye sauti ya Kidato cha Pili. Au mwanafunzi akiambiwa alete mzazi kwa kosa la nidhamu, huja na dereva wa bodaboda aliyelipwa kuigiza ubaba kwa nusu saa. Anakaa mbele ya mwalimu wa nidhamu, anatikisa kichwa kwa masikitiko, anaahidi kumkanya mtoto, anasaini na kuondoka. Kwa kumbukumbu za shule, mzazi amekuja na amearifiwa. Kwa hiyo msishangae mkiombwa kitambulisho getini au kutakiwa kutaja jina la mwalimu wa darasa mliyemwona mwaka jana. Si dharau.

Dawa yake ni fupi. Nenda shuleni mwenyewe, mwone mwalimu wa darasa, andikisha namba mbili zinazopatikana, yako na ya mtu mzima mwingine unayemwamini, na uchukue namba ya mwalimu huyo. Uliza pia saa anazopokea simu. Mwalimu naye ana familia, na simu ya saa nne usiku kuuliza kama kesho kuna masomo ya ziada si ufuatiliaji wa maendeleo.

Kusoma ripoti

Ripoti ya muhula ndiyo taarifa kamili kuliko zote ambazo shule humpa mzazi, na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Wazazi wengi hutazama mahali pamoja tu: nafasi. "Amekuwa wa 31 kati ya 164, si mbaya." Nafasi inakueleza wangapi wako nyuma yake. Haikuelezi kama amejua Hisabati.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyeshika nafasi hiyo ya 31. Kiswahili 68, Uraia 52, Historia 47, Jiografia 41, Baiolojia 38, Kiingereza 35, Kemia 22, Hisabati 11. Kwa madaraja yanayotumika katika mtihani wa Kidato cha Nne, 75 kwenda juu ni A, 65 hadi 74 ni B, 45 hadi 64 ni C, 30 hadi 44 ni D, chini ya 30 ni F. Mtoto huyu ana B moja, C mbili, D tatu na F mbili. Divisheni hupatikana kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, ambapo A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Jumlisheni: 2, 3, 3, 4, 4, 4, na F moja 5. Ni pointi 25.

Divisheni ya kwanza ni pointi 7 hadi 17, ya pili 18 hadi 21, ya tatu 22 hadi 25, ya nne 26 hadi 33, na 34 na 35 ni sifuri. Mtoto wetu yuko divisheni ya tatu, ukingoni kabisa. Kiingereza kikishuka kutoka 35 hadi 29 anaingia ya nne. Jiografia ikipanda alama nne tu, kutoka 41 hadi 45, anapata C na kupumua kidogo. Hayo ndiyo maswali ya kumuuliza mwalimu wa taaluma: Kiingereza kinamshinda wapi, katika kusoma au kuandika? Jiografia amekosa ramani au maelezo? Mzazi anayekuja na maswali ya namna hii hutoka na majibu. Anayekuja na "mbona ameshuka nafasi?" hujibiwa "aongeze bidii" na wote wawili wanaagana bila kujua zaidi.

Tukubali kwamba hata upande wetu hayo maneno ya "ongeza bidii" yamezidi. Ripoti yenye masomo manane na "ongeza bidii" nane haimsaidii mzazi, na walimu wameelekezwa waandike angalau mada inayomsumbua mwanafunzi. Nanyi msikisaini kile kipande cha chini kabla ya kusoma cha juu. Na msimwachie kaka mtu asaini. Saini hutofautiana muhula hadi muhula, walimu wanaona.

Utoro na ruhusa

Daftari la mahudhurio huitwa kila siku ya masomo. Mwanafunzi asipoonekana, mwalimu wa darasa huuliza wenzake, kisha hupiga simu nyumbani. Akiendelea kukosekana, shule huandika barua kwa mzazi, mara nyingi kupitia mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Asiporudi, jina hupelekwa kwa Afisa Elimu Kata na Mtendaji wa Kata, ambaye anaweza kumwita mzazi ofisini. Kila hatua huandikwa kwa tarehe, maana suala likifika mbele kinachotazamwa ni maandishi.

Utoro wa siku 90 mfululizo bila taarifa umo kwenye orodha ya makosa yanayoweza kumfanya mwanafunzi afukuzwe shule, na orodha hiyo iko ndani ya fomu ya kujiunga mliyoisaini. Inasikitisha kwamba wapo wanaozihesabu siku 90 kama haki ya mtoto, kwamba siku ya 80 bado hana kosa. Ana kosa tangu siku ya kwanza.

Ruhusa inaombwa kabla, kwa simu au barua ya mzazi, na sababu ya kweli. Tunajua msimu wa mavuno, tunajua misiba. Mwambieni mwalimu ukweli, maana mtoto akirudi mtajadiliana namna ya kufidia vipindi alivyokosa. Kusema anaumwa wakati yuko mnadani kunamharibia siku atakayoumwa kweli.

Kwa shule za bweni kuna hili la simu. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, na kupatikana na simu ni kosa linaloweza kumfikisha mbele ya Bodi ya Shule. Hata hivyo matroni na patroni hukuta simu ndani ya mfuko wa unga, imefungwa vizuri kwa nailoni mbili. Mtoto wa miaka 15 hakusaga ule unga. Mkitaka kuzungumza naye, pigeni simu ya matroni au patroni kwa saa zilizopangwa.

Adhabu, mimba na michango

Kuhusu viboko, mzazi ana haki ya kuuliza na shule ina wajibu wa kujibu. Kanuni za mwaka 2002, Tangazo la Serikali Na. 294, zinasema adhabu hii ni ya makosa mazito, hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne kwa mara moja, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa kama shule haina, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Mtoto akirudi na alama mwilini, mpeleke kwanza hospitali, kisha nenda kwa mkuu wa shule uulize kilichoandikwa kwenye daftari hilo. Kwenda moja kwa moja darasani kumkunja mwalimu shati mbele ya wanafunzi kunageuza malalamiko yako kuwa kesi yako.

Mwanafunzi akipata ujauzito, mzazi huitwa na kuelezwa faraghani. Jambo hili halimaliziki kwa familia mbili kuelewana. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, na mkuu wa shule anatakiwa kutoa taarifa ya matukio hayo kila robo mwaka. Msimwombe afiche. Binti mwenyewe anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, na taarifa ya kurudi kwake ianzie kwenu mapema, kabla darasa halijasonga mbali.

Michango tuseme kwa ufupi. Ada ya sekondari za serikali imefutwa. Sare, madaftari, kalamu, matibabu, na chakula kwa wanafunzi wa kutwa vimebaki kwa mzazi, kama Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 unavyoeleza. Mchango mwingine ni wa hiari, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Mkitoa, daini stakabadhi. Wanaosema "elimu bure, hatuhusiki na chakula" wausome waraka huo.

Ukiwa na lalamiko

Anza na mwalimu wa darasa. Usiporidhika nenda kwa mkuu wa shule, kisha kwa Bodi ya Shule, kisha kwa Afisa Elimu Kata, na mwisho ofisini kwetu. Jambo linalogusa usalama wa mtoto, kama ukatili wa kingono au kipigo kilichomjeruhi, halifuati foleni hiyo: liende moja kwa moja polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, au kwa ofisa ustawi wa jamii, na sisi mtujulishe.

Barua ya malalamiko iwe na jina la mwanafunzi, kidato na mkondo, tarehe ya tukio, umemwona nani na alikujibu nini, na namba ya simu inayopatikana. Barua isiyo na jina tunaisoma pia, lakini inayosema tu "shule yenu walimu hawafai" hatuna pa kuipeleka. Na ukipewa miadi ya kikao, njoo na ripoti mbili za mwisho. Wengi huja mikono mitupu, tukaanza kuitafuta shuleni ripoti ambayo iko nyumbani kwao juu ya kabati.