Kibali cha hewa si cha wenye mabomba ya moshi tu

"Biashara yangu haina bomba la moshi, kibali cha nini?"

Dhana hii imewaponza wengi, na mizizi yake ni ya zamani. Desemba 1952 ukungu mzito wa moshi wa makaa ya mawe uliifunika London na kuua maelfu ya watu, na Sheria ya Hewa Safi ya 1956 ikafuata. Tangu hapo mtu akisikia uchafuzi wa hewa, picha inayomjia ni moshi mweusi.

Lakini Kanuni za Vibali vya Mazingira za 2016, zinazotumika England na Wales, haziangalii rangi ya moshi. Zinaangalia shughuli yenyewe. Kituo cha mafuta hakina bomba la moshi, ila lori linaposhusha petroli kwenye tangi la chini ya ardhi, mvuke uliokuwa umejaa humo husukumwa nje. Ndani ya mvuke huo mna benzini, ambayo husababisha saratani ya damu. Kwa hiyo kituo kinachopokea kuanzia mita za ujazo 500 za petroli kwa mwaka kinahitaji kibali, na mvuke lazima urudishwe ndani ya lori kwa mpira maalumu. Gereji ya kupiga rangi magari huingia ikitumia tani 1 au zaidi ya viyeyusho (kemikali za kuyeyushia rangi) kwa mwaka. Drai klina nazo zimo, kwa sababu ya kemikali za kusafishia nguo. Hata tanuri la kuchomea maiti limo: meno yaliyozibwa kwa zebaki yakiungua, zebaki hiyo hupanda hewani. Hakuna jicho linaloiona.

"Vibali vya namna hii hutolewa na serikali kuu."

Kanuni hizi hugawa shughuli katika makundi. Viwanda vikubwa, vya kundi A(1), ndivyo vinavyosimamiwa na wakala wa mazingira. Makundi A(2) na B yako mikononi mwa halmashauri. Kundi B huhusu hewa peke yake, na humo ndimo zilimo biashara nyingi ndogo. Mwenye mashine ya kusaga kifusi inayohama kutoka eneo moja la ujenzi hadi jingine huomba kwa halmashauri yaliko makao makuu ya biashara yake, haombi upya kila anapohamia.

"Nimeruhusiwa kujenga, inatosha."

Haitoshi. Ruhusa ya mipango miji inahusu matumizi ya ardhi. Kibali kinahusu jinsi unavyoendesha kazi kila siku.

"Nikishakipata, nimemaliza."

Hapa ndipo ningependa kila mwenye biashara atulie kidogo. Ni kweli kibali hakina tarehe ya kuisha. Ila kina ada ya kila mwaka, ambayo hupanda kadiri hatari ya shughuli inavyopanda, na usipoilipa halmashauri inaweza kukifuta. Wakaguzi watakuja. Masharti yanaweza kubadilishwa, maana kipimo ni mbinu bora zinazopatikana, na mbinu husonga mbele. Na ukinunua biashara ya mtu, usidhani kibali kimekuja pamoja na mashine na wateja: lazima uombe kihamishiwe kwako. Anayeendelea na kazi bila kuhamisha anaendesha bila kibali, hata kama karatasi ya mwenye biashara wa zamani bado iko ukutani.

"Wakinishika, ni faini ndogo tu."

Kuendesha bila kibali ni kosa la jinai. Kesi ikifika Crown Court, mahakama ya kesi nzito za jinai, faini haina kikomo na kifungo chaweza kufika miaka 5.

"Jirani hayamhusu."

Yanamhusu sana, yeye ndiye anayevuta hewa hiyo. Halmashauri hutunza daftari la wazi la vibali, masharti yake na hatua zilizochukuliwa, na mtu yeyote anaweza kwenda kulisoma. Ukisikia harufu ya rangi kila jioni au ukakuta vumbi juu ya nguo ulizoanika, anza na daftari hilo. Soma sharti linasema nini, kisha piga simu kwa ofisa wa afya ya mazingira ukitaja sharti lenyewe, siku na saa.