Baba Mwenye Miguu Kidevuni

Jumamosi iliyopita mama mmoja, jirani yetu hapa Mwananyamala, alinijia mimi mchoraji na karatasi mkononi akitaka nimsahihishie mwanawe wa miaka minne, kwa kuwa mtoto alikuwa amemchora baba yake kama duara lenye macho mawili, na miguu imechomoza moja kwa moja kidevuni. Yeye si wa kwanza. Wazazi huniletea michoro ya namna hiyo kana kwamba wananiletea mgonjwa, kisha wananiuliza kama ni dalili ya akili nzito, au kama wanunue yale madaftari yenye picha zilizokwisha kuchorwa ili mtoto ajifunze maumbo.

Mtu huyo wa kichwa na miguu tunamwita kiluwiluwi, kama mtoto wa chura, na watoto wa miaka mitatu au minne humchora, wawe wa Tandale au wa Paris. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyechunguza michoro ya watoto, alikwisha kueleza mwaka 1927 kwamba mtoto huchora anachokijua kuliko anachokiona, ndiyo maana baadaye atachora nyumba ambayo ukuta wake haumzuii mtu kumwona bibi aliyelala ndani na sufuria iliyo jikoni. Ukimshika mkono ili kumwelekeza, utapata mchoro wako mwenyewe uliopitia katika vidole vya mwanao.

Hata hivyo, kinachoniudhi kuliko kumshika mtoto mkono ni lile swali la "Hii ni nini?" Mtoto wa miaka miwili aliyeokota kipande cha mkaa na kukikwaruza sakafuni hajachora kitu chochote, amegundua kwamba mkono wake unaweza kuacha alama, na furaha yake yote imo humo. Ukimuuliza, atatafuta jibu la kukuridhisha, atasema gari, na kesho mikwaruzo ile ile itakuwa ng'ombe, nawe utadhani anasema uongo ilhali ni wewe uliyemlazimisha. Kaa karibu naye, mwache aendelee, na akitaka kusimulia atasimulia bila kuhojiwa kama yuko kituo cha polisi.

Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema: mkaa, maboksi kutoka dukani, migongo ya kalenda zilizopitwa na wakati, na mchanga wa Coco Beach, ambao hufutwa na maji bure. Rangi za mafuta ninazofanyia kazi hawazigusi, kwani ni kali hata kwangu mimi.

Hapa sina budi kukiri jambo. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa kwa watoto, aliyapinga vikali madaftari ya kupaka rangi, nami hukubaliana naye mbele ya wazazi. Lakini kazi inayolisha watoto wangu ni Tingatinga, sanaa ya uchoraji iliyoanzishwa papa hapa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960, na mimi niliijua kwa kunakili. Miezi ya kwanza nilijaza rangi ya nyuma tu, kisha nikamnakili tausi wa mwalimu wangu hadi nikamchoka. Hujitetea kwamba wakati huo nilikuwa mtu mzima niliyejua ninachokitafuta, lakini binti yangu wa miaka sita humnakili tausi wangu bila kutumwa na mtu, tena kwa raha zake, nami sijaona sababu ya kumkataza. Zaidi ya hayo, siku moja ya masika, nikiwa na oda ya mteja ya kumaliza na watoto wawili katika chumba kimoja, niliwanunulia daftari hilo hilo ninalolisema vibaya, na tukapata utulivu wa saa nzima.

Mama yule sikumsahihishia mchoro. Nilimwomba amuulize mwanawe tumbo la baba liko wapi. Mtoto aliweka kidole kwenye nafasi tupu iliyo kati ya miguu miwili, akasema halionekani kwa sababu baba hajala.