Injini ya chini ya Subaru: anza na oili, konrodi baadaye

Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea Forester S-Edition ya 2011 ikiwa imevutwa kwa kamba. Injini ni ile ya lita 2.5 yenye turbo, EJ255, na ilikuwa imenoki, yaani inagonga kwa ndani, kiasi kwamba mlinzi wa getini alitoka nje kuangalia nini kinagongwa. Kijana mwenyewe hakuwa na wasiwasi. Mkononi alibeba boksi lenye konrodi 4 mpya zinazong'aa, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. "Kaka, hizi zinabeba nguvu za farasi 600. Zifunge tu, nisirudi tena hapa."

Nikalipokea boksi, nikaliweka juu ya kabati, nikamwomba anichomolee stiki ya oili. Ilitoka kavu mpaka ncha.

Ninaandika haya kwa sababu ya boksi lile. Kila wiki napata simu ya mtu anayetaka kuimarisha injini ya chini, yaani bloku na vyuma vinavyozunguka ndani yake, na kila mmoja anaanza na konrodi na pistoni. Vyuma hivyo nami navifunga, sivikatai. Lakini injini nyingi za Subaru za familia hii ya EJ nilizofungua, konrodi haikuwa imekatika. Kilichokufa kilikuwa beringi, na beringi hufa kwa kukosa oili au kwa kupigwa nyundo na petroli inayolipuka vibaya.

Kwa asiyeijua injini hii: imelala. Silinda 2 kushoto, 2 kulia, na bloku imepasuliwa katikati kama andazi, krenki ikibanwa kati ya nusu mbili kwa beringi 5 kubwa. Pini za pistoni zinachomolewa kupitia matundu ya pembeni mwa bloku. Fundi ambaye hajawahi kuifungua huhangaika nusu siku akijiuliza mlango uko wapi.

Sasa mzigo. Konrodi inasukumwa na inavutwa, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Moto unapowaka juu ya pistoni yenye kipenyo cha mm 99.5, tuseme kwa presha ya bar 100, pistoni inakandamizwa kwa nguvu ya karibu tani 8. Huo ni msukumo, nao unakua kadiri unavyoongeza presha ya turbo. Mvuto unatoka kwingine. Pistoni na pini yake na ringi ni kama nusu kilo, na ikifika juu kabisa lazima isimame na kugeuka. Kwa pistoni inayosafiri mm 79 kutoka juu hadi chini, na krenki ikienda mizunguko 7,000 kwa dakika, nusu kilo hiyo inavuta kwa tani 1.4. Panda hadi 8,000, inakuwa 1.8, kwa sababu mvuto unakua kwa mraba wa mizunguko. Na mvuto huo wote unashikwa na bolti 2 nyembamba za konrodi.

Ndiyo maana namuuliza mteja kwanza: unataka presha au unataka mizunguko? Anayetaka presha nyingi bila kupita mizunguko 6,500 anahitaji pistoni imara na beringi nzuri. Anayetaka kuipigisha kelele hadi 8,000 tuanze na bolti. Wengi wanajibu "vyote", halafu wakisikia bei wanakumbuka kuwa gari ni la kwendea kazini.

Pistoni za kiwandani kwenye EJ255 ni za kusubu, yaani metali iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye umbo. Ni ngumu lakini hazivumilii kugongwa. Petroli ikilipuka kabla ya wakati, kingo zinazoshika ringi zinapasuka. Magari haya mengi yalipangwa kiwandani kwa petroli ya Japani yenye oktani karibu 100, kisha yakaja kunywa tunayouziwa huku. Pistoni za kufuliwa zinastahimili zaidi. Ninasema kufua kwa maana ya mhunzi, si ya dobi. Wengine wanasema "pistoni za kufoji", ila ukimwambia hivyo mama watoto kwamba umelipia kitu cha kufoji, andaa maelezo. Zipo za aloi (mchanganyiko wa metali) mbili: 4032 yenye silikoni nyingi, haitanuki sana, na 2618 iliyo na ustahimilivu mkubwa zaidi ila inatanuka, kwa hiyo inaachiwa nafasi kubwa ndani ya silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi, ya 2618 itagonga taratibu kisha itanyamaza ikipata moto. Usinipigie simu saa 12 alfajiri. Kunoki kwa beringi hakunyamazi injini ikipata moto, kunazidi.

Twende kwenye beringi, maana hapa ndipo pesa inapookolewa. Shingo ya krenki inayoshikwa na konrodi ina kipenyo cha mm 52. Kati yake na beringi naacha takriban mm 0.05, pungufu ya unene wa unywele, na ndani ya nafasi hiyo oili ndiyo inayobeba zile tani 8. Chuma hakipaswi kugusana na chuma kabisa. Ukibana mno, oili haipiti vya kutosha na inachemka. Ukiachia mno, inamwagika pembeni: oili inayovuja inakua kwa mchemraba wa nafasi, kwa hiyo kutoka 0.05 hadi 0.06 tu unapoteza zaidi ya mara moja na nusu. Pampu ileile, presha inashuka. Halafu mtu anamimina oili nzito kama asali akidhani ametibu.

Kipimo hicho hakipatikani kwa kutikisa konrodi kwa mkono na kusema "iko poa". Nafunga beringi ndani ya konrodi, nakaza bolti kama itakavyokaa siku zote, napima tundu kwa geji ya ndani, kisha napima shingo ya krenki kwa maikromita sehemu 3 na pande 2. Natoa kipimo kimoja kwenye kingine. Nikipata 0.05 kwenye konrodi 3 na 0.07 kwenye ya nne, siifungi. Na ukibadilisha bolti peke yake ukaweka za kampuni ya ARP kwenye konrodi za zamani, lazima tundu lile kubwa la konrodi likachongwe upya, kwa sababu bolti mpya inabana kwa nguvu tofauti na tundu linakuwa yai. Mafundi wengi hawalisemi hili. Bolti zenyewe sizikazi kwa spana ya toki pekee, napima zimerefuka kiasi gani, kwa sababu msuguano wa nyuzi za bolti hudanganya spana.

Krenki yenyewe haina makosa mengi. Nilishawahi kupokea moja kutoka kwa wachongaji, jina lao nalihifadhi, imechongwa vizuri ila midomo ya matundu ya oili imeachwa mikali kama wembe. Ungeizungusha ingekwangua beringi mpya kabla gari halijatoka getini. Nilikaa na karatasi ya msasa jioni nzima nikilainisha mdomo mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye stiki kavu. EJ yenye turbo inakula oili, hasa ikizeeka, na sampo yake, bakuli la oili lililo chini ya injini, inabeba kama lita 4 tu. Ikipungua lita moja na nusu, ukaingia kipilefti kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja na bomba la kunyonya linavuta hewa. Sekunde 2 zinatosha. Injini hii ina ubaya wa ziada: kwa kuwa imelala, kwenye kona ndefu oili inarundikana kwenye hedi (kifuniko cha silinda chenye valvu) ya upande wa nje na kuchelewa kurudi. Tena bomba la kunyonya la kiwandani lina mshono uliochomelewa ambao hupasuka kwa mtikisiko. Ukipasuka, pampu inakunywa povu hata sampo ikiwa imejaa. Bomba lililoimarishwa na bati la kuzuia oili isiyumbe ndani ya sampo ni bei ya konrodi moja kati ya zile 4 za kwenye boksi. Navifunga kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, pamoja na pampu ya oili inayoendana na nafasi nilizoacha.

Kwenye bloku sitakaa sana. Ndugu yake EJ205 ya lita 2 ina silinda zilizosimama kama vikombe bila kushikwa juu. EJ207, EJ255 na EJ257 zimeshikwa nusu. Kwa matumizi ya kawaida na presha ya wastani, iliyoshikwa nusu inatosha. Lita 2.5 ina nguvu chini, lakini tundu lake la mm 99.5 dhidi ya mm 92 la lita 2 linaacha chuma kidogo kati ya silinda. Subaru Impreza zilizompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally ya 1997 na Richard Burns ya 2000 zilikuwa za lita 2. Ukipeleka bloku kuchongwa, hakikisha wanafunga sahani nzito juu yake kama vile hedi ipo. Bila hiyo, silinda inayotoka duara mezani inakuwa yai ukishakaza hedi.

Injini iliyonoki ina jambo moja la mwisho ambalo watu wanalidharau: takataka. Vumbi la beringi limesambaa kila mahali. Kipoza oili hakisafishiki, kitupe. Bolti zenye tundu zinazopeleka oili kwenye turbo na kwenye gia za keni (shafti zinazofungua valvu) zina vichujio vidogo vya wavu ndani, toa, tazama. Nimeshaona injini mpya kabisa ikifa kwa taka za injini ya zamani.

Ile Forester ilikaa kwangu wiki 3. Konrodi zake nilizifunga, baada ya kuzipima. Mbili zilihitaji kurekebishwa ingawa zilitoka kwenye boksi. Kabla ya kuwasha tulizima petroli na kuizungusha kwa stata mpaka geji ya oili ikapanda. Ikawaka, ikaenda nusu saa, tukamwaga oili. Filta niliikata kwa msumeno, tukaitandaza karatasi yake juani juu ya meza. Kulikuwa na vumbi jembamba jeusi kwenye mikunjo. Nikapitisha sumaku, likapanda lote: chuma cha ringi na kuta za silinda zinazozoeana. Kijana akainama akatafuta vipande vya beringi, vinavyong'aa visivyoshika sumaku, kama nilivyomwonyesha kwenye filta ya zamani. Alitafuta muda mrefu kuliko mimi.

"Sasa presha tunapandisha lini?" akauliza.

Nikampa stiki ya oili aifute.