Ngozi inayobanduka miguuni si sumu

Kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka kwenye magrupu ya Mtwara na Lindi: vaa soksi za plastiki zenye dawa kwa saa moja, na ngozi itakayobanduka ndiyo sumu ya mwili inayotoka. Si kweli.

Kinachobanduka ni ngozi iliyokufa. Dawa ile huwa na asidi, mara nyingi ya laktiki, ya glaikoli au ya salisiliki, inayolegeza kinachoshikanisha seli zilizokufa. Soma boksi, utaziona. Kazi ya kuondoa sumu mwilini ni ya ini na figo, si ya unyayo. Mwenye magaga, aliyezoea kutembea peku kwenye mikorosho au mashamba ya chumvi, anaweza kubanduka vipande vikubwa kwa sababu ngozi yake ni nene, wala hana sumu kuliko jirani.

Kinachochanganya watu ni muda. Ngozi huanza kutoka siku kadhaa baadaye, dawa ilishaoshwa zamani, hivyo huonekana kama kitu kilichotoka ndani chenyewe.

Linalonisikitisha zaidi ni kuwahimiza wenye kisukari "wajisafishe". Hao wasijaribu kabisa bila kumuuliza daktari: mguu uliopoteza hisia huungua bila mwenyewe kujua, na kidonda chake hupona kwa shida. Mwenye mipasuko inayotoa damu naye asitumie. Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyeutuma. Magaga ya kawaida hulainishwa na maji ya uvuguvugu, jiwe la kusugulia na mafuta kila usiku.