Dhana potofu kuhusu bia nyeusi iliyokomazwa kwenye pipa

Watu wengi wakiwekewa glasi ya bia nyeusi iliyokomazwa kwenye pipa la mwaloni huwa wamekwisha kuihukumu kabla hata hawajainusa. Weusi wake huwafanya waitarajie kuwa kali na chungu, na wakisikia kwamba ilikaa kwenye pipa la wiski hudhani ni bia iliyochanganywa na wiski. Dhana hizo zinafaa kusahihishwa, kwa kuwa anayeionja bia hii akiwa nazo kichwani huikosa sehemu kubwa ya kilichomo.

Tuanze na weusi wenyewe, ambao wengine hudhani unatokana na pipa na wengine huuchukulia kuwa kipimo cha ukali. Ukweli ni kwamba rangi hutoka kwenye nafaka. Mtengenezaji huchukua kimea cha kawaida, chenye rangi hafifu, akakichanganya na kiasi kidogo cha kimea au shayiri iliyokaangwa mpaka ikakaribia kuungua, na kiasi hicho kidogo hutosha kuitia bia yote weusi pamoja na ladha ya kahawa na chokoleti chungu. Kilevi ni jambo jingine kabisa, kwani hutokana na wingi wa sukari ambayo hamira imeigeuza. Guinness Draught, kwa mfano, ni nyeusi lakini ina kilevi cha asilimia 4.2 tu, chini ya bia nyingi za rangi ya dhahabu. Stauti (ndilo jina la bia nyeusi za aina hii) za kukomazwa kwenye pipa mara nyingi hufika asilimia 10 hadi 15, na sababu ni kwamba zilipikwa kwa kimea kingi mno tangu mwanzo. Macho hayawezi kukuambia lolote kuhusu hilo, soma lebo.

Dhana ya kwamba ndani yake mmemiminwa wiski inahitaji maelezo marefu zaidi. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ihifadhiwe kwenye vyombo vipya vya mwaloni vilivyochomwa kwa moto upande wa ndani, hivyo pipa likishatumika mara moja haliwezi kurudiwa kwa bourbon nyingine. Ndiyo maana mapipa hayo, yenye ujazo wa takriban lita 200, hupatikana kwa wingi na huuzwa kwa watengenezaji wengine wa vinywaji. Kampuni ya Goose Island ya Chicago ndiyo iliyoupa umaarufu mkubwa utaratibu wa kuyatumia kwa stauti katika miaka ya 1990, kupitia bia yake ya Bourbon County. Pipa linapowasili huwa limemwagwa, ila mbao zake bado zimelowa wiski iliyopenya ndani. Bia iliyokwisha kuchachuka hutiwa humo na kuachwa kwa miezi, na kadiri joto linavyopanda na kushuka ndivyo inavyoingia kwenye mbao na kutoka tena, ikirudi na wiski kidogo. Kilevi huongezeka, lakini ongezeko hilo si kubwa kama watu wanavyodhani.

Zawadi kubwa ya pipa, kwa maoni yangu, ni mti wenyewe wala si wiski. Moto uliotumika kulichoma ulivunjavunja lignini ya mwaloni, yaani kile kinachozipa mbao ugumu, na kuzalisha vanilini, kemikali ileile inayoipa vanila harufu yake. Mwaloni pia una laktoni, zinazonukia kama nazi, na una yujenoli, ambayo ndiyo harufu kuu ya karafuu, huku sukari za mbao zilizoungua zikileta karameli. Kwa hiyo mnywaji akisikia vanila asikimbilie kusema kwamba imeongezwa kiungo. Wapo watengenezaji wanaoongeza kahawa, kakao au vanila yenyewe, na kwa kawaida huliandika hilo kwenye lebo.

Wengine husema kwamba bia ikikaa kwenye pipa muda mrefu zaidi ndivyo inavyozidi kuwa bora. Si kweli. Tanini za mbao huendelea kuingia, na hatimaye hukausha ulimi kwa ukakasi unaofunika kila kitu kingine; oksijeni nayo hupenya polepole na kuizeesha bia. Mapipa mawili yaliyojazwa bia ileile siku ileile huweza kutoa ladha tofauti, na kwa sababu hiyo mtengenezaji makini huonja kila pipa, kisha huyachanganya yanayofaa na kuyakataa mengine. Pia, uchachu usiotarajiwa si «ladha ya pipa», kama baadhi wanavyojifariji. Mara nyingi ni kazi ya bakteria au hamira za mwituni zilizojificha kwenye mbao. Zipo bia zinazotiwa uchachu hivyo kwa makusudi, lakini stauti nzito isiyotajwa kuwa bia chachu ikiuma ulimi kwa ukali wa siki, hiyo ina kasoro.

Kosa linaloharibu uonjaji kuliko yote ni kuinywa ikiwa baridi kama barafu. Baridi kali huzuia harufu zisipande, hufifisha utamu na kuuacha uchungu peke yake. Itoe kwenye jokofu mapema, mimina kiasi cha mililita 100 kwenye glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, kisha unuse kabla ya kupiga funda la kwanza. Mwanzoni utapata nafaka iliyokaangwa na moshi kidogo. Bia ikifika nyuzijoto 10 hadi 14, vanila na nazi hujitokeza, halafu zabibu kavu na tende, na mwisho joto la kilevi hubaki kooni kwa muda. Povu la kahawia likitoweka haraka usihuzunike, kwa kuwa kilevi kingi hulidhoofisha.

Utamu huo huwafanya wengine wainywe kama bia ya kawaida. Chupa ya mililita 330 yenye asilimia 12 ina takriban mililita 40 za kilevi halisi, sawa na chupa mbili za nusu lita zenye asilimia 4. Ni kinywaji cha kugawana.

Kuhusu kuiweka kwa miaka, ni kweli bia hizi huvumilia kuliko nyingi, lakini kuvumilia si lazima kuwe kuboreka. Kahawa na vanila hufifia kwanza, nafasi yake ikachukuliwa na ladha ya matunda makavu, na baada ya hapo huweza kuingia ladha ya karatasi iliyolowa. Ukipata chupa mbili, fungua moja sasa, na nyingine isimamishe wima mahali penye giza na ubaridi, ili uone mwenyewe kilichopotea na kilichozaliwa.